Mahekalu ya kale ya Tamil Nadu na familia nzima: mwongozo wa hatua kwa hatua

Mahekalu mengi makubwa ya Tamil Nadu, kusini mwa India, hufungwa kwenye saa sita mchana na kufunguliwa tena saa kumi jioni. Naanza na hilo kwa sababu ndilo linaloharibu safari nyingi za familia. Watu wanaamka kwa raha zao hotelini, wanakunywa chai mpaka saa tatu, wanabishana nani akae kiti cha mbele, na wanafika hekaluni saa tano na nusu jua likiwa utosini. Mawe yanaunguza nyayo. Nusu saa baadaye wanaombwa watoke. Bibi amechoka, mtoto analia, na baba anatangaza kwamba mahekalu yote ni yaleyale.

Si yaleyale, ila yana saa zake. Haya si magofu. Ni nyumba za ibada zilizo hai, na baadhi zina zaidi ya miaka elfu moja. Mungu wa hekalu huamshwa alfajiri, huogeshwa, huvishwa, hupelekewa chakula, kisha mchana hupumzishwa. Ukikubali kwamba ratiba ni yake wala si yenu, mambo mengi yatanyooka yenyewe. Mwongozo huu unafuata njia moja tu, kutoka Chennai hadi Madurai, kwa siku saba au nane, watoto na wazee wakiwemo.

Hatua ya 1: Msimu na karatasi

Miezi mizuri ni Januari na Februari. Aprili hadi Juni joto hupanda hadi nyuzi 38 au 40, na huko hekaluni mnatembea peku. Oktoba hadi mapema Desemba ni mvua za kaskazini-mashariki, na upande wa pwani hunyesha kwelikweli. Likizo ya shule ya Desemba basi ni ya kubahatisha mwanzoni, lakini kuanzia Krismasi hali huwa njema, isipokuwa kwa umati: waumini wa mungu Ayyappan, wanaume waliovaa nguo nyeusi, huwa njiani kwa maelfu kuelekea hekalu lake la Sabarimala na hupitia mahekalu hayahaya. Katikati ya Januari ni Pongal, sikukuu ya mavuno. Inapendeza sana kuiona, na inatesa sana kutafuta tiketi ya treni siku hizo.

Visa huombwa mtandaoni kupitia tovuti ya serikali ya India, ile ambayo anwani yake inaishia na gov.in. Kuna tovuti za madalali zinazofanana nayo, na bei yao ni ya kidalali. Kila mtoto anahitaji visa yake, hata mchanga.

Halafu kadi ya homa ya manjano. India ina orodha ya nchi zenye ugonjwa huo, na anayetoka huko bila kadi anaweza kuwekwa karantini hadi siku 6. Kenya, Uganda na Kongo zimo. Mtanzania anayebadilisha ndege Nairobi au Addis Ababa naye aibebe tu, ili asije kubishana na ofisa wa afya saa tisa usiku. Chanjo huanza kutambuliwa siku 10 baada ya kuchomwa, kwa hiyo msiiache hadi wiki ya mwisho.

Neno moja kwa walioko Chennai kwa matibabu, maana ni wengi kutoka kwetu. Kama mgonjwa wenu amelazwa na daktari amesema hakuna jipya hadi wiki ijayo, nusu ya familia inaweza kwenda Mahabalipuram au Kanchipuram asubuhi na kurudi jioni. Rukeni moja kwa moja hadi hatua ya 4.

Hatua ya 2: Gari au treni

Kama mko wanne au zaidi, kodini gari pamoja na dereva kwa siku zote. Bei huhesabiwa kwa kilomita, pamoja na posho ya dereva ya kila siku. Ulizeni kama ushuru wa barabara na maegesho vimo ndani. Dereva mwiteni "anna", yaani kaka mkubwa, nanyi akina mama msishangae mkiitwa "amma" na kila mtu, hata na mzee wa umri wa baba yenu.

Treni ni nafuu na watoto huipenda, lakini tiketi hufunguliwa siku 60 kabla na kwenye njia hii huisha mapema. Mimi ningechanganya: gari kutoka Chennai hadi Madurai mkisimama njiani, kisha treni ya kurudi.

Kosa kubwa la kupanga ni pupa. Wakala atakupa orodha ya mahekalu kumi na mbili kwa siku nne. Kata. Hekalu moja asubuhi na moja jioni linatosha, na mchana ni wa chakula na usingizi, kama wenyeji wanavyofanya.

Hatua ya 3: Mkoba wa hekaluni

Hapa watu wa pwani mnaanza mkiwa mbele. Kinachotakiwa ni mabega na magoti yafunikwe, na kanga inafunika vyote viwili kwa sekunde tatu. Beba doti mbili: moja ya kujitanda, nyingine ya kutandika chini watoto wakitaka kukaa. Wanaume wa Kitamili huingia hekaluni na veshti, kitambaa cheupe kinachofungwa kiunoni, kwa hiyo mwenye kikoi atachekewa kwa furaha mlangoni. Kaptula haziingii Madurai, na katika baadhi ya mahekalu wanaume huombwa wavue shati wanapokaribia chumba cha ndani. Kofia zivuliwe.

Viatu huachwa kwenye kibanda nje ya lango, kwa sarafu chache. Vaeni ndala, si viatu vya kamba. Mtazivua na kuzivaa mara nyingi kwa siku. Soksi kwa kawaida zinaruhusiwa, na kwa watoto na wazee ni lazima, kwa sababu sakafu ya graniti saa tano asubuhi haina huruma. Ukiona wenyeji wote wanatembea juu ya mkeka au mstari uliopakwa rangi nyeupe, fuata mstari huo.

Vingine ni maji, noti ndogondogo za rupia, na kikaratasi chenye jina na namba ya hoteli katika mfuko wa kila mtoto. Usitegemee kulipa kwa simu kama Wahindi wanavyofanya hata kwa muuza karanga. Mfumo wao kwa kawaida hutegemea akaunti za benki za huko.

Hatua ya 4: Anzeni Mahabalipuram

Ni kilomita kama 55 kusini mwa Chennai, ufukweni. Nina sababu tatu za kuanzia hapa. Kazi hizi za mawe zinasimamiwa na idara ya mambo ya kale, ziko wazi kuanzia asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni bila kufungwa mchana. Watoto wana nafasi ya kukimbia. Na ukianza hapa utaelewa vyote vitakavyofuata.

Wafalme wa Pallava walichonga hapa kuanzia karne ya 7. Nendeni kwanza kwenye Ratha Tano, mahekalu madogo matano. Yanaonekana kama majengo, lakini hayakujengwa: kila moja limechongwa kutoka mwamba mmoja, mafundi wakianzia juu kushuka chini, na mengine yaliachwa kabla ya kumalizika. Kisha nendeni Hekalu la Ufukweni, la mwanzoni mwa karne ya 8, ambalo limejengwa kwa mawe yaliyopangwa. Katika mwendo wa dakika chache umeona ufundi ukihama kutoka kuchonga mlima hadi kujenga mnara.

Kiingilio cha mgeni ni rupia 600 kwa mtu mzima, mwenyeji hulipa 40, na tiketi moja inafaa sehemu zote mbili siku hiyo. Watoto walio chini ya miaka 15 hawalipi. Kaa na nakala ya pasipoti zao. Tofauti hiyo ya bei huwaudhi wageni wengi. Anayejua bei za hifadhi zetu za wanyama hana la kusema.

Ukuta mkubwa wa michongo katikati ya mji ni bure, na hapo ndipo pa kukaa muda mrefu. Ni mwamba wenye upana wa karibu mita 30, una tembo wa ukubwa wa kweli na watoto wao, nyoka, watawa na mamia ya viumbe wanaoelekea kwenye ufa wa katikati, ambako zamani maji yalimwagwa kutoka juu yawe mto Ganga. Wasomi bado wanabishana kama unaonyesha toba ya shujaa Arjuna au kushuka kwa mto huo kutoka mbinguni. Waachie ubishi wao. Wape watoto kazi: wamtafute paka aliyesimama kwa miguu miwili, mikono juu, akijifanya mcha Mungu, na panya wamemzunguka wakimwamini. Yuko chini, upande wa tembo. Akishapatikana, hamtahitaji mwongozaji kueleza unafiki ni nini.

Hatua ya 5: Jifunzeni kusoma hekalu kabla ya kuingia

Dakika tano kwenye gari zinatosha. Mnara ulio juu ya lango huitwa gopuram. Mnara ulio juu ya chumba cha mungu, katikati kabisa, huitwa vimana. Katika mahekalu ya baadaye, kama Madurai na Srirangam, malango ya nje ndiyo marefu, na kadiri unavyoingia ndani minara hupungua, kwa sababu kila mfalme aliongeza ua mpya na lango la kumshinda aliyemtangulia. Kwa Wachola, ukoo wa wafalme waliotawala huku karne ya 11, ni kinyume: mrefu ni ule wa katikati.

Kuna nguzo ya bendera mbele ya chumba cha ndani, mara nyingi imefunikwa kwa madini yanayong'aa. Ikumbukeni. Katika mahekalu kadhaa hapo ndipo asiye Mhindu anapoishia, na mwaka 2024 mahakama kuu ya jimbo iliagiza mabango ya kueleza hivyo yawekwe. Thanjavur ni wepesi zaidi kwa wageni. Madurai na Srirangam vyumba vya ndani ni vya Wahindu peke yao. Ukizuiwa, zuilika kwa heshima. Nasi tuna sehemu zetu zisizoingiwa na kila mtu.

Zungukeni kwa kufuata mwendo wa saa, jengo likiwa mkono wenu wa kulia. Vukeni vizingiti bila kuvikanyaga. Msisimame kati ya Nandi, yule ng'ombe wa mawe, na mlango anaoutazama. Na asubuhi mjini watoto wasikanyage kolam, yale mapambo ya unga wa mchele yaliyochorwa mbele ya milango.

Hatua ya 6: Thanjavur, na muipe jioni mbili

Kama mna nafasi ya hekalu moja tu, liwe hili. Mfalme Rajaraja wa Kwanza wa Wachola alilikamilisha mwaka 1010. Mnara wake wa graniti una karibu mita 60, mbele yake amelala Nandi mwenye urefu wa karibu mita 6, na pande zote nne kuna ukumbi wenye kivuli ambapo bibi anaweza kukaa akiwatazama watoto uwanjani. UNESCO iliuweka kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 1987. Hakuna kiingilio.

Fikeni saa kumi na mbili asubuhi, au saa kumi na moja jioni. Jioni ni bora: jiwe hugeuka rangi ya asali, joto limepungua, na familia za mjini zimekuja kukaa kwenye nyasi. Hapo ndipo watoto wenu watapata marafiki, na nyote mtaombwa picha. Kukataa si kosa. Kukubali moja ni kuanza foleni.

Mwongozaji atawaambia kwamba kivuli cha mnara hakianguki chini. Msimbishie mbele ya watu. Subirini tu jua lishuke mkione kimelala uwanjani. Atawaambia pia kwamba jiwe la kileleni ni moja, lenye uzito wa tani 80. Hilo nalo lina mashaka. Ajabu ya kweli iko chini, usawa wa kifua chenu: kuta za msingi zimeandikwa Kitamili, mistari juu ya mistari, ni daftari la mali ya hekalu. Zawadi za dhahabu, taa, posho za wafanyakazi, na wanawake kama 400 waliocheza ngoma za ibada, kila mmoja kwa jina lake na nyumba aliyopangiwa. Wafalme wote hujitaja kwenye mawe. Huyu alimtaja pia mcheza ngoma.

Mara mbili katika kila mwezi wa mwandamo, siku ya kumi na tatu ya kila nusu ya mwezi, kuna ibada ya jioni iitwayo pradosham, ambapo Nandi huogeshwa kwa maziwa mbele ya umati. Ulizeni hotelini itaangukia lini. Mwenye watoto wakubwa aifuate. Mwenye mtoto mchanga begani aiepuke.

Hatua ya 7: Siku ya mtoto na vizazi vilivyofuata

Kutoka Thanjavur hadi Kumbakonam ni kilomita 40 hivi, na karibu na hapo kuna mahekalu mawili yanayomalizia hadithi. Asubuhi nendeni Gangaikonda Cholapuram. Huyu ni Rajendra, mwana wa Rajaraja, aliyefikisha jeshi lake mto Ganga na mwaka 1025 akatuma merikebu kuvuka bahari kuishambulia Srivijaya, dola ya huko Sumatra. Alihamisha mji mkuu hapa na kujenga hekalu linalofanana na la babake, ila mnara ni wa mita 53. Wengine husema alipunguza kwa adabu ya mtoto kwa mzazi. Mji wake umepotea; hekalu limebaki karibu peke yake mashambani, na watalii ni wachache.

Jioni nendeni Darasuram, la karne ya 12. Ni dogo, mita 24 tu, na kwa watoto ndilo tamu kuliko yote. Ukumbi wa mbele umechongwa kama gari la vita lenye magurudumu na farasi. Wape kazi nyingine: wamtafute mnyama ambaye ukiziba upande mmoja ni tembo, ukiziba mwingine ni ng'ombe, vichwa viwili katika kichwa kimoja.

Mchana katikati, kuleni wali wa kwenye jani la mgomba. Kwa asiyeweza pilipili kuna wali wa mtindi, dosa tupu, yaani chapati nyembamba ya mchele na dengu, na idli, ambayo ni kama kitumbua kisicho na sukari kilichopikwa kwa mvuke.

Hatua ya 8: Majivu, maua na sadaka

Hili huwatia wasiwasi Waislamu na Wakristo wengi, nami naona ni vyema kulizungumza nyumbani kabla ya safari kuliko kunong'onezana mbele ya kuhani. Kuhani akipitisha sinia lenye mwali wa kafuri, waumini hupitisha viganja juu ya mwali na kugusa uso. Kisha hutoa majivu au unga mwekundu wa kupaka kwenye paji la uso, na pengine chakula kilichotolewa kwa mungu.

Hakuna anayekulazimisha. Kama dini yako haikuruhusu, simama nyuma kidogo, kutanisha viganja kifuani na inamisha kichwa. Inaeleweka kuwa umeshukuru na umekataa. Usikipokee chakula halafu ukakitupa. Ukipokea, ni mkono wa kulia, na hilo mtu wa kwetu halihitaji kufundishwa. Sadaka ni hiari: weka kwenye sanduku, si mkononi mwa anayekushika mkono akisema ana ibada maalumu ya familia yako.

Palipo na tembo wa hekalu anayebariki watu kwa mkonga, mimi ningewaonyesha watoto kwa mbali. Ni mnyama mkubwa aliyesimama kutwa katikati ya kelele.

Hatua ya 9: Srirangam kwa kupita, Madurai kwa kumalizia

Srirangam, kisiwani katika mto Kaveri pembeni mwa Trichy, ni mji ndani ya hekalu: nyua saba, malango 21, na maduka na nyumba za watu katika nyua za nje. Lango lake kuu la mita 73 lilimalizika mwaka 1987 tu. Asubuhi moja inatosha.

Madurai laleni karibu na hekalu la Meenakshi, mwendo wa miguu. Lina gopuram 14, ile ya kusini ikizidi mita 50, zote zimejaa sanamu za rangi kama soko la sikukuu. Simu haziingii. Marufuku ilianza baada ya moto wa mwaka 2018, na mwisho wa 2022 mahakama iliagiza ipanuliwe kwa mahekalu ya jimbo zima, ingawa utekelezaji hutofautiana. Kwa hiyo kabla ya kuziacha kwenye kaunta, kubalianeni mambo mawili: lango mtakalotokea, ambalo lazima liwe lile mlipoacha viatu, na mahali pa kumsubiri aliyepotea. Chagueni ziwa la lotasi ya dhahabu. Lina ngazi za kukalia na kila mtu analijua. Malango manne ya nje yanafanana mno kwa macho ya mtoto aliyechoka.

Ingieni mara ya pili usiku. Kwenye saa tatu, mungu Shiva, ambaye hapa huitwa Sundareswarar, hubebwa kwenye machela kwa ngoma na ubani hadi chumbani kwa mkewe Meenakshi, na alfajiri hurudishwa kwake. Hufanyika kila usiku. Fikeni saa mbili na nusu, ulizeni walinzi machela hupita wapi, wekeni wazee ukutani ili wasisukumwe.

Treni za usiku za kwenda Chennai hugongana na saa hiyo, kwa hiyo kateni ya asubuhi. Vaigai Express huondoka Madurai asubuhi mapema na kufika Chennai mchana. Chagueni behewa la viti lenye kiyoyozi, na nunueni idli stesheni kabla ya kupanda.